Waliokataa Ukurasa wa Tisa

Kambi ya Vijana Na. 4,
Malangali, Sumbawanga.
26 Februari 1989

Mpendwa Babu Zenon,

Shikamoo. Natumaini wewe na Bibi Josefina hamjambo hapo Matai, na mgongo wako umetulia. Mimi mzima, ila viganja vimepasuka. Mama alinitembelea Jumapili kutoka Milanzi. Kiwanda cha sare kimempa zamu ya asubuhi, kwa hiyo sasa analala usiku kama watu wengine. Anasema umwandikie, mtoto ni mtoto hata akiota mvi.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa Mzee Kornel, dereva wa lori la dagaa, kwa hiyo naandika bila woga. Za posta zinafunguliwa ofisini na kugongwa ule muhuri wa IMESOMWA.

Tarehe saba Julai, sisi ishirini na watatu tuliotimiza miaka kumi na saba tutasimama mbele ya Baraza la Kukua kupewa kadi. Nafasi yangu chuo cha ukunga ipo, lakini wameandika wazi: bila kadi wasinione hata mlangoni. Unaijua sheria, bila kadi mtu ni mtoto hata awe na ndevu. Babu, ukunga nautaka tangu siku ile niliyoshika taa mama wa jirani alipojifungua mapacha. Kwa hiyo nihesabie siku.

Sasa jambo lenyewe. Mbolea haikuja. Redio inasema huko Pwani wameanza Legezo, maduka ya watu binafsi yamefunguliwa, na kiwanda cha mbolea sasa kinataka kilipwe kwanza. Huku kwetu Legezo halijapanda mlima. Katibu wa kambi, Ndugu Leonidas, anasema tupande mistari ileile, sentimita sabini na tano kwa thelathini, mbolea itatukuta shambani. Mwaka jana ilitukuta wapi? Tulivuna magunzi kama vidole, na Januari nzima tumekunywa uji mwepesi asubuhi na jioni.

Basi nyuma ya zizi kuna eneo lililolala miaka minne, nyasi zinanifika kifuani. Nikawaambia wenzangu habari za ntumba, yale matuta ya duara ya kufukia nyasi zioze, vile Bibi alivyonionyesha likizo ile. Shedrack, yule mshikaji ambaye baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla Chama hakijachukua mifugo na mashamba yote, alicheka: "Hivi ninyi Wafipa mnalima, au mnazika mtu?" Sasa ana ntumba arobaini na anajisifu kuliko mimi. Tumefikisha mia sita. Niambie, udongo wa kufunika uwe mnene kiasi gani? Na maharage tunaweza kupanda juu yake sasa?

Mjukuu wako,
Albina


Matai,
15 Machi 1989

Mjukuu wangu Albina,

Marahaba. Barua yako ilifika ikinuka dagaa, nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya mwandiko, ambao unazidi kuwa mzuri. Sisi wazima. Misa bado inasomwa alfajiri, kabla ya gwaride, na padre ameanza kuzeeka kama mimi. Bibi yako hajambo, yuko shambani. Mimi niko nyumbani na kuku.

Umeniuliza jambo jema, nami nitalijibu kwa utaratibu. Nyasi lazima zikatwe zikiwa bado mbichi na ardhi ina maji, yaani sasa, si Mei. Unakata bonge la udongo pamoja na mizizi yake, unaligeuza kuelekea ndani, mizizi juu, majani chini. Unazunguka hivyo mpaka duara lifunge, kisha unafunika kwa udongo wa unene wa kiganja. Ukizidisha, nyasi hazipati hewa, zinachacha badala ya kuoza. Ukipunguza, jua linazikausha kabla hazijageuka chakula. Maharage pandeni sasa hivi, msichelewe hata wiki, mtayala Juni. Ntumba yenyewe iacheni ilale kiangazi chote. Mvua ya Novemba ikishuka, mnaipasua na kuitawanya, ndipo mnamwaga ulezi, na mwaka unaofuata mahindi.

Tena utauliza kwa nini duara na si tuta. Kwa sababu nchi yetu ina mwinuko mdogo usioonekana kwa macho. Maji yakikuta tuta yanatafuta pa kulivunja. Yakikuta duara yanazunguka, yanapungua kasi, yanaingia chini. Wazee hawakuandika hesabu ya jambo hili, lakini waliijua kwa miguu yao.

Sasa nikuombe jambo. Mia sita zinatosha, msiongeze. Na mtu akiuliza nani amewafundisha, usimtaje Bibi yako. Usinitaje na mimi. Sababu yake nitakueleza siku nyingine.

Babu yako,
Zenon


Malangali,
30 Aprili 1989

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Huku tunaendelea, mvua zinakatika na baridi imeanza kubisha hodi. Mama amepata kikohozi lakini si kibaya. Msalimie Bibi, mwambie maharage yametoka yote, hakuna hata shimo moja lililolala.

Nimeisoma barua yako nikashangaa. Babu ninayemjua mimi hueleza hata kwa nini kikombe kina mkono mmoja. Leo sababu ameiweka "siku nyingine".

Wamezigundua. Alhamisi Ndugu Leonidas alimleta mgeni wa Mkoa aone zizi. Wakapita nyuma yake. Leonidas akasimama kama mtu aliyekanyaga moto.

"Hivi ni nini? Makaburi?"

"Ndiyo, ndugu katibu," Shedrack akajibu. "Tumezika njaa."

Tulicheka wote, hata dereva wa mgeni. Kicheko kile kimetugharimu. Jioni tuliitwa uwanjani. Adhabu ni mbili. Kwanza, ntumba zote zisawazishwe kabla ya tarehe saba Julai. Pili, siku ya Baraza kila mmoja wetu, kabla ya kupewa kadi, asome kwa sauti ukurasa wa tisa wa kile kijitabu cha *Mistari Iliyonyooka*, kisha aseme, "Haya ni maneno yangu, mimi fulani." Kwa hiyo asiyesoma hakui.

Ukurasa huo tumeukariri tangu darasa la tano: "Ntumba ni kaburi la jasho. Anayelima ntumba anamwibia mwenzake chakula, ama kwa ujinga, ama kwa ukaidi." Vijitabu vyetu vyote havina jalada, vimechakaa. Lakini rafiki yangu Herieth anafagia stoo, na amekuta kimoja kizima ndani ya sanduku. Akaniletea chini ya shuka.

Juu ya jalada imeandikwa: Kimetungwa na Mwl. Zenon, Matai, 1974.

Matai kuna walimu wangapi wanaoitwa Zenon, Babu? Nimekisoma chote upya. Ukurasa wa tatu kinasema, "Sasa nikuombe jambo, mkulima." Ukurasa wa sita kinasema, "Tena utauliza kwa nini." Nilikuwa nakusikia unakohoa katikati ya mistari.

Nijibu upesi. Kwa mkono wa Kornel.

Albina


[Barua ya posta. Muhuri mwekundu: IMESOMWA]

Matai,
22 Mei 1989

Ndugu Albina,

Umoja udumu.

Barua yako imepokelewa. Familia haijambo na inashiriki kikamilifu katika kazi za msimu. Mama yako apewe pole ya kikohozi.

Kuhusu swali lako la masomo: kijana anapofika umri wa kukua, jamii humtaka aoneshe nidhamu. Nidhamu si kukubali kila jambo moyoni, bali ni kutimiza lililopangwa kwa wakati wake. Kusoma ukurasa mmoja huchukua dakika mbili. Masomo ya chuo huchukua miaka mitatu. Mtu mwenye busara hulinganisha muda huu na ule. Nakushauri usome ulichopangiwa, upokee kadi yako, uende ukalitumikie Taifa.

Ndimi Zenon,
Mwalimu mstaafu


Malangali,
5 Juni 1989

Babu,

Shikamoo.

Mama mzima. Kikohozi kimeisha.

Nilikuomba utume kwa Kornel. Kornel amepita Matai mara mbili tangu Aprili, anasema mara zote mbili ulimpa chai na hukumpa barua. Ukaenda posta ukanunua stempu. Ile barua ulimwandikia nani, mimi au yule anayefungua bahasha? Leonidas aliisoma mbele ya wenzangu wote. "Sikilizeni, huyu ndiye mwenye kijitabu mwenyewe, anamshauri mjukuu wake asome!" Kisha akanipa ile karatasi kama anampa mbwa mfupa. Shedrack hakunitania siku nzima, ndipo nilipojua jambo ni kubwa.

Tumevuna maharage ya juu ya ntumba. Debe kumi na nne na nusu, Babu, kutoka ardhi ambayo haikuona hata punje ya mbolea. Kambi nzima inakula. Leonidas naye amepelekewa debe nyumbani kwake, na hakulirudisha.

Kwa hiyo mimi sitasoma kwamba nimemwibia mtu chakula. Sikuzaliwa mwizi na sitakua kwa kujiita mwizi. Usinieleze tena habari ya dakika mbili. Dakika mbili ni nyingi. Watu wameuawa kwa muda mfupi kuliko huo.

Ninachokuomba ni kimoja. Wewe ndiye uliyeandika. Andika tena, karatasi moja, jina lako na sahihi yako, kwamba ukurasa wa tisa si kweli. Leonidas anasema kijitabu hakiwezi kupingwa na mtoto. Basi kipingwe na mwenyewe. Ukituma kwa Kornel kabla ya tarehe saba, nitaisoma mbele ya Baraza badala ya ule ukurasa, na wenzangu ishirini na wawili watapona pamoja nami.

Kama huwezi, niambie huwezi. Usiniambie siku nyingine.

Albina


Matai,
24 Juni 1989

Mjukuu wangu,

Marahaba. Baridi ni kali, asubuhi nyasi zina weupe juu yake. Bibi yako mzima.

Juu ya barua ya posta sitasema kitu. Juu ya kijitabu nitasema yote, na uniruhusu nianze mwanzo, maana sijui njia nyingine ya kusema.

Mwaka 1972, baada ya mashamba yote kuwa ya Chama, niliombwa na ofisi ya kilimo nilinganishe njia za kulima. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye cheti cha kilimo, na nilijivunia. Nikachagua mashamba matatu. La kwanza mistari na mbolea. La pili mistari bila mbolea. La tatu nilimpa Bibi yako, alime ntumba kama mama yake alivyolima, bila kitu kingine. Nilipima kwa mikono yangu. Shamba la kwanza lilitoa magunia kumi na manne kwa ekari. La pili sita. La Josefina kumi na moja.

Ukitazama jedwali kwenye ukurasa wa nane utaona safu mbili tu: mistari yenye mbolea, kumi na nne, na chini yake pameandikwa "kilimo cha kienyeji", sita. Hilo sita si la ntumba. Ni la mistari isiyo na mbolea. Nililiondoa jina lake nikalivisha jina la ntumba, na kumi na moja la Bibi yako nikalifuta.

Utauliza ni nani aliyenilazimisha. Hakuna. Afisa alisema tu, "Mwalimu, watu wa kawaida hawaelewi jedwali refu." Nami nikaelewa haraka mno. Sikuogopa kufungwa. Ningekuwa niliogopa, ningejisamehe kidogo. Nilipenda hoja inayonyooka. Nilipenda kuona nchi nzima, kutoka hapa hadi Pwani, ikilima kwa mstari mmoja niliouchora mimi kwa rula, na niliamini mbolea itakuja kila mwaka mpaka mwisho wa dunia. Mtu anayependa kueleza yuko hatarini, Albina, kwa sababu maelezo mazuri yanamfurahisha hata yasipokuwa kweli.

Kijitabu kilipotoka, trekta lilitumwa kusawazisha ntumba za Matai. Walianza na shamba la Josefina, ili watu waone kwamba hata mke wa mwalimu hapendelewi. Alisimama pembeni na jembe lake. Nikamwendea nikamweleza. Nilimweleza saa nzima, trekta likipita, habari za mashine na idadi ya watu na maendeleo. Nilipofika mwisho akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akaenda nyumbani. Hajawahi kunitukana. Anapika, anafua, ananiamkia. Ila tangu siku ile hatujashika jembe kwenye shamba moja. Ndiyo maana kila barua yangu yeye yuko shambani, na mimi niko na kuku.

Alipokufundisha wewe ntumba, nilikuwa nawatazama kutoka dirishani. Sikuwakataza. Nilifurahi, na nikaona aibu ya kufurahi.

Karatasi uliyoomba iko ndani ya bahasha hii. Nimeiandika mara tano. Nne zilikuwa ndefu. Kornel anashuka Kasanga leo kuchukua samaki na amesema Jumatano atakuwa Sumbawanga. Utaipata siku tisa kabla ya Baraza.

Babu yako


Malangali,
19 Julai 1989

Babu,

Shikamoo. Mama mzima. Kadi bado sina, na kuanzia Jumatatu anwani yangu itakuwa Kambi ya Bondeni, Bonde la Rukwa.

Lori la Kornel lilivunjika springi huko Kasanga. Alikaa siku kumi na tatu kungoja chuma, na barua yako ilikaa naye mfukoni. Ilinifikia tarehe kumi na moja. Baraza lilikuwa tarehe saba. Mzee wa watu alilia aliponikabidhi, ikabidi mimi nimbembeleze.

Ngoja nikusimulie ilivyokuwa. Upepo ulikuwa unachana. Meza ilikuwa na kitambaa chekundu, Leonidas katikati, na yule mgeni wa Mkoa amevaa viatu vipya vya kung'aa, vya Legezo. Kadi zetu ishirini na tatu zimepangwa kama karata. Mpaka dakika ile nilikuwa natazama barabara.

Herieth aliitwa wa kwanza. Akasoma. Mama yake amelazwa na yeye ndiye anayempelekea chakula. Bila kadi asingeruhusiwa kutoka kambini. Alisoma haraka kama mtu anayemeza dawa, akaja kukaa kando yangu, nikamfunika nusu ya shuka langu. Sitaki umfikirie vibaya.

Wengine wawili wakasoma. Ndipo akaitwa Shedrack.

"Soma, ndugu."

"Sijui kusoma, ndugu katibu."

"Una cheti cha darasa la saba!"

"Nilifundishwa kusoma yaliyo kweli. Haya mengine bado hatukufika."

Watu wakaguna, wengine wakaziba midomo kwa khanga. Kadi yake ikawekwa pembeni. Kisha nikaitwa mimi. Leonidas alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha: "Albina, chuo kinakungoja. Babu yako mwenyewe amekushauri."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba, Babu, yote ikanitoka. Nikasema, "Ndugu katibu, huu ukurasa nimeula tangu darasa la tano na sijashiba siku hata moja. Maharage ya ntumba tumekula wote hapa. Na wewe debe lako umelimaliza, au limebaki?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Leonidas aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu. Mgeni akainua mkono. "Binti, nchi iko kwenye Legezo. Ugomvi wa nini sasa?"

"Kama ni Legezo, nilegezeeni na mimi."

"Legezo ni la bei," akasema, "si la midomo."

"Basi mdomo wangu nitautunza mwenyewe," nikasema, nikakirudisha kijitabu mezani, kimefungwa.

Baada yangu walikataa wengine kumi na wawili. Jumla tuko kumi na wanne. Tisa wamekua, sisi bado watoto. Hao tisa walipewa majembe wakasawazishe ntumba, ambazo sisi hatukuzigusa. Kwa siku mbili wamevunja thelathini, maana ardhi imekuwa jiwe na trekta halina dizeli. Siku ya tatu hakuna aliyewaita tena. Zilizobaki ziko palepale, zinangoja mvua kuliko zinavyomngoja Leonidas.

Chuo kimempa mtu mwingine nafasi yangu. Nimelia siku moja, nimemaliza. Mama alikuja, hakulia. Alinivua viatu vyangu vya shule akanivalisha vyake vya kiwandani, vile vya ngozi nene, akarudi Milanzi na vyangu vimembana.

Sasa karatasi yako. Nimeisoma. Ni fupi na ni nzuri, na ninairudisha ndani ya barua hii. Usidhani ni hasira tu, ingawa hasira ipo. Ingefika mapema ningeisoma mbele ya Baraza, na leo ningekuwa na kadi kwa sababu ya jina lako. Sasa sina kadi kwa sababu ya jina langu, na hilo naweza kuishi nalo. Lakini uongo ule hukunisemea mimi. Uliwasemea watu wa Matai, mbele ya shamba la mke wako. Kweli yake ipeleke hukohuko, kwa mdomo wako, mchana, watu wakiwapo. Ukishindwa, itie jikoni.

Habari za afya niandikie siku zote. Maelezo yanatosha.

Albina


Matai,
28 Agosti 1989

Albina,

Marahaba, huko bondeni kwenye joto. Mama yako ameandika. Mzima, na amepata viatu vingine. Bibi yako mzima.

Karatasi ilikaa mezani wiki tatu. Sitakueleza wiki hizo.

Jana, baada ya mkutano wa kijiji kumaliza mambo ya ghala, niliomba nafasi. Katibu wetu ni Adolfu, niliyemfundisha mimi kuandika. Nikasoma. Nilidhani itachukua saa nzima; ilichukua muda wa kufunga kamba za viatu.

Adolfu akasema, "Mwalimu, tunaomba ufafanue."

"Sina ufafanuzi. Nilidanganya."

"Labda mwalimu anaumwa."

"Naumwa mgongo, Adolfu. Ulimi ni mzima."

Mzee mmoja nyuma akapaza sauti: "Miaka kumi na mitano tumekula mistari yako, Zenon!" Nikasema ndiyo. Mwingine akaniita jina ambalo sitaliandika. Nikasema ndiyo kwa hilo pia. Hakuna aliyenipongeza, na ilikuwa haki yao.

Kisha Bibi yako akasimama kwenye benchi la wanawake. Hakunitazama. Alimtazama Adolfu.

"Kama ukurasa umekufa, naomba shamba langu."

"Shamba lipi, mama? Mashamba ni ya Chama."

"Lile nyuma ya ghala. Ekari moja na nusu. Lilitoa magunia kumi na moja, mmesikia wenyewe."

Wakasimama wanawake wengine nyuma yake, mmoja mmoja, kila mmoja akitaja la kwake na mpaka wake. Nilihesabu hadi kumi na tisa. Adolfu akafunga mkutano. Hakuna aliyeondoka. Ikabidi aondoke yeye.

Leo tangu asubuhi wameshinda huko na majembe. Kiangazi hiki hakuna cha kulima. Wamepanga mawe ya mipaka, wakakaa juu yake. Wanasema watakaa mpaka mvua. Nilikwenda na jembe langu. Josefina akaniambia, "Hapa si pako. Rudi." Nikarudi. Usije ukadhani mambo ya nyumbani yamekuwa asali.

Kadi yangu imechukuliwa. Adolfu amenisomea sheria kwa aibu kubwa: asiye na kadi ni mtoto, na watoto waliokataa Baraza ni wa Kambi ya Bondeni. Nina miaka sitini na tisa. Amenipa mpaka Ijumaa nitengue maneno yangu, na amenitumia hata karatasi safi na kalamu.

Nimeitumia karatasi hiyo kukuandikia. Ijumaa nitapanda lori la Kornel hadi Sumbawanga, na kutoka hapo nitateremka kwa miguu. Usiniombee nafasi ya kivulini. Niambie tu kazi inaanza saa ngapi.

Zenon